Mwongozo kamili: Jinsi ya kupata somo la imani katika tukio la maisha yako na kulitoa kwa dakika 7

Kwenye jumuiya, ibada za nyumbani na mikesha hutokea hivi kila mara. Mtu anasimama kutoa ushuhuda, anazungumza dakika 20, anaketi, na waliomsikiliza wanabaki na kisa tu. Wanakumbuka basi lilivyopinduka. Wanakumbuka deni lilikuwa shilingi ngapi. Ukiwauliza wamejifunza nini kumhusu Mungu, wanajibu "Mungu ni mwema", jambo walilolijua kabla hajasimama.

Kosa karibu kila mara ni lile lile: mtu analitafuta somo pale alipopata kitu. Alipona, akapata kazi, akapata mtoto, basi somo likawa "Mungu hutoa". Somo la imani liko mahali pengine. Liko pale ambapo namna yako ya kumwamini Mungu ilisogea, na mahali hapo kwa kawaida ni padogo, pana aibu kidogo, tena unaweza kuwa umeparuka unaposimulia.

Hatua zilizo hapa chini zinakufikisha hapo. Tutatumia mfano mmoja wa kutunga tangu mwanzo hadi mwisho: fundi cherehani wa mtaani aliyeibiwa mashine siku chache kabla ya shule kufunguliwa.

## Mahitaji

- Daftari la mazoezi, kurasa 48 zinatosha. Usiandikie kwenye simu. Simu inafuta kabisa, na wewe utahitaji kuziona sentensi ulizokata na kujiuliza kwa nini ulizikata.
- Kalamu 2 za rangi tofauti. Ya bluu ni ya mambo yaliyotokea, nyekundu ni ya maswali na mawazo yako.
- Biblia nzima, si Agano Jipya peke yake. Ukiweza pata tafsiri mbili: Union Version, kwa kuwa ndiyo wengi wameishika kichwani, na Habari Njema, kwa kuwa inazifungua sentensi ngumu.
- Itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanapopatikana, kama kanisa lenu linayo. Kama halina, tumia marejeo ya pambizoni au programu ya Biblia yenye sehemu ya kutafuta.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza kabla ya wengine: mzee wa kanisa, katekista, au rafiki asiyekuogopa.
- Muda: saa 1 kwa siku, siku 4. Kazi hii ikifanywa yote usiku wa Jumamosi huishia kwenye "Mungu ni mwema".

## Hatua ya 1: Chagua tukio moja, tena lililopoa

Chukua tukio linaloweza kuanza na kwisha ndani ya wiki moja. "Ndoa yangu" si tukio. "Usiku niliorudi nyumbani nikakuta mlango umefungwa" ni tukio. Ukichukua jambo la miaka 10 utalazimika kufupisha, na ukifupisha utapoteza vile vitu vidogo ambamo somo limejificha.

Lipime kama limepoa. Lisimulie kwa sauti ukiwa peke yako. Ukikuta bado unajitetea, unamtukana mtu, au unalia hadi unashindwa kuendelea, liache. Jeraha bichi linahitaji maombi na watu wa kukaa nawe. Halijawa la kufundishia. Mengi hupoa baada ya miezi 6 hivi, na msiba mzito huchukua zaidi. Hakuna aliyekuwekea tarehe ya mwisho.

Tahadhari: Kama tukio lako ni la kupigwa, kubakwa au mtoto kudhuriwa, na jambo hilo bado linaendelea, mwongozo huu si wa leo kwako. Nenda kwanza kwa anayeweza kukulinda. Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Hakuna ushuhuda unaopaswa kutangulia usalama.

Utajua umefaulu ukiweza kulitaja tukio kwa maneno yasiyozidi 12. Mfano wetu: "Wiki niliyoibiwa cherehani, sare za shule zikiwa hazijashonwa."

## Hatua ya 2: Andika yaliyotokea, bila kumtaja Mungu wala Shetani

Hatua hii huwashtua wengi, lakini usiiruke. Kwa kalamu ya bluu andika ukurasa mmoja wa yale ambayo mtu aliyesimama mlangoni angeyaona na kuyasikia: siku, mahali, watu, maneno yaliyosemwa, hesabu. Maneno "Mungu akafungua mlango" na "adui akainuka" hayaruhusiwi hapa.

Sababu ni kwamba maneno hayo ni majibu. Ukiyaandika mapema unakuwa umeshafika mwisho kabla hujaangalia kilichotokea, na utaanza kupindisha mambo ili yafanane na jibu.

Ukurasa wa fundi wetu ungekuwa hivi:

> Usiku wa Jumatano kufuli ya chumba cha kazi ilivunjwa. Cherehani ilichukuliwa, mkasi na pasi ya mkaa viliachwa. Sare 11 zilikuwa zimekatwa, hazijashonwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Kwa kila sare nilikuwa nimepokea 6,000, jumla 66,000, na nilikuwa nimeshazilipa kodi ya nyumba. Alhamisi na Ijumaa nilifunga na kuomba. Ijumaa jioni nilienda kwa mama mmoja wa pale mtaani mwenye cherehani ya mkono. Alisema, "Chukua, ila sindano ni moja." Nilishona usiku 3. Jumatatu asubuhi sare 9 zilikuwa tayari, 2 zilitoka Jumanne. Cherehani yangu haijapatikana hadi leo.

Zitazame hesabu zake. Si sare zote zilizowahi, na mashine haikurudi. Fundi mwingine angeshawishika kusema "sare zote" na kuiacha sentensi ya mwisho. Usifanye hivyo. Kwenye kikao kuna mzazi wa mojawapo ya zile sare 2, na akisikia "zote" hataamini neno lolote litakalofuata.

Kama kuna mtu aliyekuwapo, msomee ukurasa huo. Kama kuna risiti, karatasi za kliniki au ujumbe kwenye simu, linganisha tarehe. Kumbukumbu inapenda kuongeza chumvi bila kumwambia mwenyewe.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi 10 hadi 15 ambazo hata asiye Mkristo angezikubali zote.

## Hatua ya 3: Patafute mahali imani yako iliposogea

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwa na saa moja tu ya utulivu katika siku zote 4, itumie hapa.

Fungua ukurasa mpya, uugawe safu 3, uandike juu yake:

1. Niliomba nini, kwa maneno yale yale?
2. Nilipata nini, na sikupata nini?
3. Wakati ule niliamini Mungu yukoje?

Safu ya kwanza watu huijaza kwa maombi mazuri ambayo hawakuyaomba. Andika yale halisi. Fundi wetu, akisema kweli, hakuomba "mapenzi yako yatimizwe". Aliomba mwizi aumbuke mbele ya mtaa mzima na mashine irudi kabla ya jua kuzama. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo, kwa hiyo usione haya kuyaandika.

Safu ya tatu ndiyo ngumu. Hakuna anayekumbuka moja kwa moja aliamini nini. Inabidi ulione kwenye yale uliyoyafanya. Jiulize: nilichelewa kufanya nini? Nilimkwepa nani? Nilimficha nani habari hizi? Nilifanya nini mara mbili bila sababu? Mtu aliyeficha ugonjwa wake kwa miezi 4 huenda aliamini kwamba Mungu huwapenda wenye afya. Aliyehama makanisa 3 akitafuta kuombewa huenda aliamini kwamba Mungu anawasikia baadhi ya watu tu.

Sasa chukua kalamu nyekundu, urudi kwenye ule ukurasa wa bluu. Pigia mstari kila mahali ulipoandika kwa kufichaficha. Maneno ya kuwinda ni "mtu mmoja", "kwa sababu fulani", "baadaye", "hali ilikuwa ngumu". Maneno haya ni mazulia. Inua uone kilicho chini.

Fundi wetu ameandika "mama mmoja wa pale mtaani". Kwa nini hakusema jirani? Nyumba yao ni ya pili kutoka kwake. Akiinua zulia anakuta kwamba hawajasalimiana tangu mwaka juzi kwa ugomvi wa maji ya bomba. Akaangalia tena siku: aliibiwa Jumatano usiku, akaenda kwa jirani Ijumaa jioni. Alijua tangu Alhamisi asubuhi kwamba cherehani iko nyumba ya pili. Siku 2 za kufunga na kuomba zilikuwa pia siku 2 za kukwepa mlango ule. Basi safu ya tatu inajiandika yenyewe: "Niliamini Mungu akinisaidia, atanisaidia bila kunipitisha kwa yule mama."

Hapo ndipo. Imani yake ilisogea katika zile hatua 20 kati ya mlango wake na mlango wa jirani, kabla hata ya kushona sare ya kwanza.

Ukikwama: Huenda hakuna kilichosogea. Uliomba, ukapata, ukafurahi, ukaendelea kama ulivyokuwa. Hiyo ni shukrani, na shukrani ni kitu kamili. Katika Luka 17 wakoma 10 walitakaswa, mmoja akarudi kushukuru, na Yesu aliuliza walipo wale 9. Simama, shukuru kwa dakika 1, keti. Usiibebeshe somo ambalo halina.

Kama tukio halina mwisho mwema: endelea tu na hatua hii. Zaburi ya 88 inafika mwisho ikiwa bado gizani, na imo ndani ya Biblia kama nyingine zote. Imani yaweza kusogea hata pale mtu anapojikuta bado anamsemesha Mungu ambaye hajamjibu.

## Hatua ya 4: Tafuta andiko linalofanana na hali, si na neno

Njia iliyozoeleka ni kufungua simu, kutafuta neno "mwizi" au "kurudishiwa", na kuchukua mstari wa kwanza unaopendeza. Fundi wetu angeangukia Yoeli 2:25, ahadi ya kurudishiwa miaka iliyoliwa na nzige. Mstari mzuri, lakini kwake haufai, kwa sababu 2. Kwanza, Yoeli anasema na taifa lililopigwa na nzige na kuitwa litubu pamoja. Soma kuanzia 2:12. Pili, yeye mwenyewe hakurudishiwa.

Tafuta hali. Jiulize: ni nani ndani ya Biblia aliyesimama mahali niliposimama mimi? Mtu aliyenyang'anywa mali, akasaidiwa na yule ambaye asingemtazamia. Ukiuliza hivyo, Luka 10:25-37 inakuja yenyewe.

Kisha soma sura nzima, na angalau aya moja kabla. Mwanasheria ameuliza, "Na jirani yangu ni nani?" Yesu anasimulia habari ya mtu aliyeangukia kati ya wanyang'anyi, kuhani na Mlawi wakampita, Msamaria akamsaidia, halafu anamrudishia swali: katika hao watatu, yupi alikuwa jirani? Mwanasheria anajibu, "Ni huyo aliyemwonea huruma." Hakusema "Msamaria", kwa kuwa Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Jina limemkwama kooni, kama vile fundi alivyoandika "mama mmoja". Umezoea kuhubiriwa habari hii ukiwa upande wa kumsaidia aliyeumia. Fundi wetu anaisoma akiwa amelala barabarani, na kutoka pale chini anaona jambo ambalo msomaji aliyesimama halioni haraka: swali kwake ni kama atakubali kubebwa.

Hivi ndivyo andiko linavyotakiwa kufanya. Likipamba tu kile ulichokwisha kukijua, hujalipata bado. Likikuonyesha kitu ambacho hukukiona katika tukio lako mwenyewe, shika hapo hapo.

Maandiko mengine yanayokosewa mara nyingi:

Yeremia 29:11, "ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10 unasema itapita miaka 70 kwanza, na wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini. Linamfaa sana anayesubiri jambo refu. Halimfai anayetaka kuahidi kazi mpya mwezi ujao.

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote". Paulo yuko kifungoni, na mistari 2 ya nyuma anasema amejifunza kuwa radhi katika kushiba na katika kuona njaa. Anayoyaweza ni pamoja na kukosa.

Na haya ni baadhi ya mahali pa kuanzia kutafuta. Msaada uliochelewa: Yohana 11, ambako Yesu anapata habari kwamba rafiki yake Lazaro ni mgonjwa, kisha anakaa siku 2 zaidi pale pale. Ugonjwa usiopona: 2 Wakorintho 12:7-10, na ule mstari mfupi wa 2 Timotheo 4:20, ambapo Paulo anasema amemwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi. Kusalitiwa na ndugu: Mwanzo 37 hadi 50, habari ya Yusufu, lakini usirukie 50:20 bila kupita gerezani. Aibu ya kuanguka: moto wa makaa wa Yohana 18:18, alipokuwa Petro akimkana Bwana, na moto wa makaa wa Yohana 21:9, alipoulizwa mara 3 kama anampenda.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza bila kutazama kitabu nani alisema maneno hayo, kwa nani, na nini kilifuata.

## Hatua ya 5: Andika somo kwa sentensi moja

Sentensi iwe na sifa 3. Mungu awe mtendaji ndani yake. Iwe ya wakati uliopita, yaani alichokufanyia, na si ahadi kwa wote. Na iwe na kitu cha tukio lako ndani yake, kiasi kwamba mtu mwingine asingeweza kuisema.

Jaribio la kwanza la fundi: "Mungu hawezi kukuacha uaibike." Imeshindwa: ni ahadi kwa kila mtu, na wazazi 2 walisubiri hadi Jumanne.

La pili: "Nilijifunza kupatana na majirani." Ni adabu njema, ila Mungu hayumo.

La tatu: "Mungu alinisaidia kwa mkono wa mtu niliyekuwa nimekataa kumwita jirani." Hii inasimama.

Sasa ipitishe kwenye kipimo kigumu kuliko vyote. Mfikirie mtu aliyepo kikaoni ambaye aliomba kama wewe na hakupata: mjane ambaye mumewe hakupona, kijana ambaye mashine yake iliibiwa na hakuna jirani aliyefungua mlango. Je, unaweza kuisema sentensi yako ukimtazama machoni? Ikiwa itamfanya aamini kwamba tatizo lilikuwa imani yake ndogo, ikate. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Na wale vijana 3 wa Danieli 3 walisema "bali kama si hivyo", yaani hata kama Mungu asingewaokoa, kabla hawajatupwa motoni, wakati hawakujua watatoka.

Onyo lisilo na mjadala: Usiseme wala kudokeza kwamba mtu aache ARV, insulini, dawa za kifafa au za presha kwa sababu wewe ulipona. Kama ulipona ukiwa unatibiwa, itaje na hospitali. Kuna msikilizaji ambaye usiku huo atazitupa dawa zake kwa sababu yako.

## Hatua ya 6: Chuja majina na siri za watu

Tukio ni lako, lakini watu waliomo si mali yako. Kila anayeweza kutambulika mtaani umwombe ruhusa. Kwa fundi ni jambo la dakika 5: "Dada, naomba kusimulia kanisani ulivyonisaidia. Ule ugomvi wa maji niuseme au niuache?" Akisema uuache, na bila ugomvi somo halisimami, basi tukio hilo halitoki mwaka huu.

Hali ya VVU ya mwenzako, ulevi wa mumeo, mimba ya binti yako: visitajwe, hata kwa mafumbo. Mtaani mafumbo hufumbuliwa kabla ya sala ya kufunga. Tena siku hizi yupo anayerekodi, na kipande cha sekunde 30 kinaweza kuwa kwenye makundi ya WhatsApp jioni hiyo hiyo.

Ukikiri dhambi yako mwenyewe, itaje kwa jina lake mara moja na upite. Anayeeleza dakika 10 alivyokuwa akinywa au akitembea nje ya ndoa anaihubiri ile dhambi, na vijana wa nyuma ndicho watakachokumbuka.

## Hatua ya 7: Ligawe kwa dakika 7

Katika Matendo 26 Paulo anajieleza mbele ya mfalme Agripa: mistari ya 4 hadi 11 alivyokuwa, 12 hadi 18 kilichompata njiani, 19 hadi 23 alichofanya baadaye. Chukua mpango huo, uongeze Neno:

- Dakika 1: hali ilivyokuwa na ulichokuwa unaamini.
- Dakika 3: tukio, kutoka ukurasa wa bluu.
- Dakika 2: andiko, na kile lilichokuonyesha.
- Dakika 1: sentensi yako ya somo, na hali ilivyo leo.

Linganisha pia na Matendo 22, ambako Paulo anasimulia habari hiyo hiyo kwa umati wa Yerusalemu. Pale anazungumza Kiebrania, anamtaja mwalimu wake Gamalieli, na anamweleza Anania, aliyemjia alipokuwa amepofuka, kuwa mtu mcha Mungu kwa kuifuata sheria. Mbele ya Agripa, Anania hatajwi kabisa. Ukweli ni mmoja, kilichochaguliwa kinategemea nani anasikiliza. Kwa watoto wa Shule ya Jumapili, fundi ataacha habari za kodi na kukaza sindano moja. Kwa wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, zile 66,000 zina uzito wake.

Utangulizi ni mahali pa kupunguza. Salamu moja inatosha, "Bwana Yesu asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo" kulingana na kanisa lenu. Usianze na ukoo, wala kuomba radhi kwamba hukujiandaa.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa mtu mmoja

Washa saa ya simu, msimulie yule msikilizaji wako bila kusoma daftari. Ukimaliza usimuulize "Imekuwaje?", kwa sababu atasema nzuri. Muulize haya 3: Umesikia Mungu amefanya nini? Ni wapi hukuniamini? Nani anaweza kuumia akisikia?

Jibu la swali la kwanza likitofautiana na sentensi yako, tatizo kwa kawaida liko kwenye zile dakika 3 za tukio: umekaa mno kwenye wizi na kuharakisha pale mlangoni. Punguza habari za kufuli, ongeza Ijumaa jioni. Rudia mara 2, na si zaidi, maana ukizidi itakuwa shairi la kukariri.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe, na baada yake

Shika Biblia tu, na kipande cha karatasi chenye sentensi yako. Sema kwa sauti yako ya kila siku. Ukifika pagumu, nyamaza, vuta pumzi, endelea, hakuna anayekuhesabia. Ukiulizwa jambo usilolijua, kwa mfano kwa nini Mungu hakuirudisha mashine, jibu "sijui". Yule kipofu wa Yohana 9 alipobanwa na Mafarisayo alikiri asichokijua, ndipo akasema alichokijua: alikuwa kipofu, na sasa anaona.

Ukishaketi, baki hadi mwisho. Watu 2 au 3 watakufuata nje, na mara nyingi hawaji kukupongeza. Mmoja atasema, "Na mimi kuna mlango sijabisha." Msikilize. Usimpe ushauri wa haraka wala kumpa kisa chako mara ya pili. Kama jambo lake ni zito, mpeleke kwa mchungaji au padri siku hiyo hiyo, mkiongozana.

Nyumbani, kabla ya kulala, andika tarehe chini ya ukurasa, ulitoa wapi, na swali lolote lililokushinda. Acha kurasa 2 tupu baada yake. Mwaka ukipita urudi uusome ukurasa wa bluu tena ukiwa na kalamu nyekundu, uone kama kuna zulia uliloliruka.